Uliponiuliza Kama Nilijua

Resti mwanangu,

Umeondoka asubuhi na gari ya Endabash kwenda kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nyumba imekuwa kimya mno. Begi lako liko hapo sebuleni, limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, maana shangazi yako Fabiola hawezi kuona begi la mtu bila kuongeza kitu. Sitakuandikia habari za begi. Mambo ya sare, ya chakula, ya kutotembea hovyo huko Dodoma, ya kupiga simu kila Jumapili, yote ameshakuambia yeye, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mimi nina jambo moja tu. Ni zito, na nimelikwepa miaka tisa.

Jumapili iliyopita, wanajumuiya walipokuja kukuombea safari njema, mwenyekiti alikuuliza kwa nini umechagua uuguzi. Ulisimama, ukashika mgongo wa kiti, ukasema, "Mama yangu kabla hajafariki aliniachia neno. Alisema niwe mtu wa kuhudumia wagonjwa." Watu wakasema amina. Mama mmoja akatoa kitambaa akafuta macho. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuongeza chai, na chupa ya chai ilikuwa bado imejaa.

Mama yako hakusema hivyo, Resti.

Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini siwezi kuanzia hapo, kwa sababu utaona ni uongo tu wa siku moja, na haukuwa wa siku moja. Inabidi nianzie mbali, kabla hujazaliwa, wakati mimi ni kijana na nimetoka tu kumaliza chuo cha uuguzi kama hicho unachokwenda wewe kesho.

Nilipangiwa zahanati moja huko juu Ngorongoro. Nilikuwa nimeomba hospitali ya mjini, kwa hiyo nilikwenda nimenuna. Ukungu ulikuwa hauondoki mpaka saa tano asubuhi. Maji yaliletwa na punda. Tulikuwa wauguzi wawili, na mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, basi nikabaki peke yangu pamoja na mama mmoja wa Kimasai aliyefanya usafi. Kila mtu alimwita Yeyo, yaani mama, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Kimasai changu kilikuwa cha salamu tu. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake waliotembea saa mbili au tatu na mtoto mgongoni, na Kiswahili chao kilikuwa kama Kimasai changu.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa mawasiliano na mgonjwa. Tulifundishwa pia kujitambua, kwamba muuguzi ajue hisia zake kabla hajamkaribia mtu. Nilikariri yote nikapata alama ya juu darasani. Nakuambia hili kwa sababu na wewe utafundishwa, na utafaulu, maana kichwa chako ni chepesi. Ukifaulu usidhani umejua. Mimi nilidhani.

Siku moja mkubwa wangu wa kazi alinipigia simu kwa sababu ya ripoti iliyochelewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, pale pekee ndipo mtandao ulipopatikana, na wagonjwa wote walikuwa wamekaa hapo nje. Alinifokea kama mtoto. Waliojua Kiswahili walisikia, wasiojua waliona uso wangu. Nilipokata simu nilirudi ndani nikaendelea na kazi. Ungeniuliza kama niko sawa ningekujibu niko sawa, na nisingekuwa nakudanganya, maana mwenyewe niliamini. Lakini kuanzia saa ile nilikuwa nafunga droo kwa kishindo, na sikumtazama mtu yeyote machoni. Ilipofika saa tisa na nusu nilitoka nje nikawaambia waliobaki, "Leo basi. Njooni kesho." Walikuwa watu sita au saba. Sikuangalia ni akina nani.

Kesho yake aliyefika wa kwanza alikuwa mama kijana, Nashipai. Alikuwa amembeba mtoto wa kiume wa miezi kama minane ndani ya shuka. Kila mtoto akivuta pumzi, mbavu zilikuwa zinazama, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nimonia. Nilimwambia mama asubiri nje kwenye benchi, nikaingia na mtoto. Nilifanya yote niliyoyajua. Oksijeni hatukuwa nayo. Nikapiga simu kuomba gari la wagonjwa, nikaambiwa limekwenda Karatu na mgonjwa mwingine. Saa nne na nusu mtoto alifia mikononi mwangu.

Sikujua nifanye nini na uso wangu, basi nikachukua faili. Nilitoka nimelishika mbele ya kifua. Nikasimama mbele ya Nashipai, yeye amekaa, mimi nimesimama, nikasema haraka kwa Kiswahili huku nikisoma karatasi ambayo haikuwa na kitu cha kusoma, "Mama, mtoto ameshafariki. Ungemleta jana."

Nashipai alinitazama. Kisha akatabasamu.

Akainuka, akapita pembeni yangu, akaingia ndani, akamchukua mtoto pale kitandani, akaanza kumfunga mgongoni aende naye nyumbani. Alikuwa amesikia "mtoto" na amesikia "jana". Nadhani alielewa kwamba mtoto si kama alivyokuwa jana, kwamba ana nafuu, kwamba tumemaliza. Mtoto alikuwa bado ana joto. Mimi nilibaki mlangoni.

Yeyo aliweka chini kile kitambaa cha kupigia deki. "Dokta," akaniambia, "huyu hajakuelewa."

"Mwambie wewe, Yeyo."

"Amekuja na nani?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

Yeyo alitoka nje, akaongea na wanawake waliokuwa kwenye foleni, akarudi na mmoja ambaye boma lake liko jirani na la kina Nashipai. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote. Alikaa chini. Alikaa kwenye sakafu ileile aliyokuwa ametoka kuipiga deki, ina maji bado, akamshika Nashipai mkono akamvuta taratibu mpaka naye akakaa, mtoto mapajani. Yule jirani akakaa upande wa pili. Yeyo akauliza kitu kwa sauti ya chini. Baadaye aliniambia alichouliza: "Wewe unamwonaje mtoto?" Nashipai alianza kujibu, akaongea kidogo, halafu akanyamaza maneno yakiwa katikati, akaweka kiganja kwenye kifua cha mwanawe. Ndipo Yeyo akamwambia. Lilikuwa neno fupi, halikuzungushwa. Na alipokwisha kulisema hakuinuka. Walikaa pale sakafuni wote watatu mpaka mchana ukapinduka, na mimi niliwahudumia wagonjwa wengine barazani, kwa sababu chumba kilikuwa chao.

Jioni, wakati wa kufunga, Yeyo aliniambia bila kunifokea, "Dokta, jana alikuja. Alikaa kwenye lile benchi. Wewe ulisema kesho."

Labda mtoto yule angekufa hata kama ningemwona siku ile ya kwanza. Labda angepona. Sitajua kamwe, na hakuna mtu anayeweza kuniambia. Ninachojua ni kwamba sikumkatalia Nashipai. Sikumwona. Nilikuwa bado nagombana na mtu wa kwenye simu, na aliyekuwa mbele yangu nilimpitia kama ukuta. Kama mtu angenishika bega saa ile akaniambia, "Sulle, umekasirika, na umeaibika," labda ningekaa dakika moja nikanywa maji, nikatoka nikahesabu nani yuko kwenye benchi. Hasira yenyewe haikuwa kosa. Kosa ni kwamba sikujua kama ninayo.

Wewe ukiudhika huwa unaosha vyombo, hata vilivyo safi. Umewahi kugundua? Mimi nikisikia sufuria zinagongana najua kuna jambo. Na ukiogopa huwa unacheka, kicheko kifupi, kama ulivyocheka siku matokeo yanatoka. Wodini hakuna atakayejua hayo. Mgonjwa akikuona unacheka atafikiri unamcheka yeye. Ijue mikono yako inafanya nini wakati wewe unasema uko sawa. Hilo tu.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya siku ile nilijifunza. Nilijifunza vibaya. Kitu nilichokichukua ni kwamba maneno magumu yanaumiza watu, basi nisiyaseme tena. Nikawa mpole. Ndiye huyo Dokta Sulle unayemjua wewe, ambaye wazee wa Ganako wanakataa sindano mpaka awepo. Niliongea na watu kwa lugha zao, nikakaa chini, nikashika mikono. Lakini jambo baya lilipotakiwa kusemwa, nililisukuma kwa mwingine, au nikasema tusubiri vipimo, au nikasema Mungu ni mwema. Watu walinipenda kwa hilo. Sikuona tofauti kati ya upole na woga, maana kwa nje vinafanana.

Halafu nikahamia Karatu, nikamwoa mama yako, mtu ambaye hakuogopa kusema. Unakumbuka cherehani yake pale karibu na soko. Pengine hukumbuki siku alipompa mkono padri mgeni nje ya kanisa, akamwambia, "Baba, mahubiri yalikuwa mazuri, ila yalikwisha mara mbili na wewe ukaendelea." Padri alicheka mpaka akainama. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Ndivyo tulivyokuwa, yeye akisema na mimi nikitafuta pa kujificha.

Ulikuwa na miaka kumi alipoanza kuumwa. Tulikwenda hospitali kubwa, vipimo vikachukuliwa, na siku ya majibu daktari aliniita mimi kwenye korido kwa sababu nilikuwa nimemwambia mimi ni muuguzi. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshasambaa. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Daktari aliniuliza, "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Nikasema, "Nitamwambia mwenyewe."

Mama yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, pochi magotini. "Wanasemaje?"

"Ni uvimbe," nikamwambia. "Kuna dawa. Itachukua muda, lakini utapona."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. Akainuka tukaenda zetu.

Hapo ndipo tulipokupeleka Endabash kwa bibi. Nilikuambia ni kwa sababu mama anahitaji kupumzika. Kila ulipopiga simu kwa simu ya bibi ukauliza, nilikuambia mama anaendelea vizuri. Bibi yako aliniuliza mara moja, tukiwa wawili, na yeye nikamwambia hivyo hivyo. Nilimdanganya mama yangu mzazi nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Jumamosi moja ulikuja nyumbani. Mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa unaanza Jumatano. Uliingia ukasimama mlangoni mwa chumba, ukaona alivyokuwa amekonda, na hukulia. Ulikwenda ukachukua mafuta ukampaka miguuni, kidole kimoja kimoja, na yeye akakusimulia habari za sherehe moja aliyoshonea nguo. Jumapili mchana ulipotakiwa kurudi ulinishika shati. "Baba, nibaki. Mtihani nitafanya mwakani."

Nikakuambia, "Nenda ukafanye mtihani. Ukirudi utamkuta mama amekaa nje anaota jua."

Asubuhi ile, Resti, nilikuwa nimekaa kitandani kwake nikihesabu pumzi zake. Nimeona watu wengi wakiondoka. Nilijua kwamba wiki haitaisha. Nilijua, nikakubandua vidole kwenye shati langu, nikakupandisha kwenye gari.

Alifariki Jumatano saa tano asubuhi, wewe ukiwa kwenye chumba cha mtihani. Nikapiga simu Endabash nikaomba usiambiwe mpaka umalize siku ya pili. Ulifika nyumbani na sare ya shule. Makaburini ulisimama pembeni yangu, na watu walipokuwa wanaweka maua uliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa, "Baba, ulijua?"

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Hata mimi nimeshtuka."

Nilijua. Nilijua miezi saba.

Sasa nifike kwenye lile neno. Siku kumi hivi kabla hajafariki, mama yako aliamka ana nguvu kidogo. Alitaka kutoka. Nilimbeba mpaka uani, nikamweka kwenye mkeka ameegemea ukuta, akaomba ungo achambue maharage, maana alichukia kukaa bure. Mimi nilikuwa nafagia. Akaniita, "Baba Resti, kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, ukingoni.

Hakunitazama. Aliendelea kutoa mawe. "Ukichoka kunidanganya, uniambie," akasema. "Nina mambo ya kusema. Mengine ni yako, mengine ni ya Resti. Ila siwezi kuyasema kwa mtu ambaye bado ananiambia nitapona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyoomba apewe chumvi. Alikuwa anajua, pengine tangu kwenye ile korido. Alikuwa amekaa na jambo hilo peke yake miezi yote, akinisubiri nimalize kuogopa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kusema ni neno moja: haya.

Nikainuka. Nikamwambia, "Usiseme hivyo, Mama Resti. Utapona. Ngoja nikaangalie ng'ombe."

Ng'ombe alikuwa ameshakula. Nilisimama bandani mkono wangu ukiwa juu ya mgongo wake, nikamsikia mama yako anaita mara moja, halafu hakuita tena. Niliporudi kumchukua alikuwa amefumba macho. Hakuligusia tena jambo lile, na mimi nilikaa siku zilizobaki nikisubiri aanze yeye. Mimi mzima, muuguzi, nilimsubiri mgonjwa anisaidie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na maneno yako, Resti, na aliondoka nayo kwa sababu mimi sikutaka kuyasikia.

Mwaka uliofuata, siku ya kumbukumbu yake, uliniuliza mama aliacha neno gani kwa ajili yako. Ulikuwa umekaa umekunja miguu, unanitazama. Ningeweza kukuambia ukweli hata pale. Nikaona uso wako, nikatafuta kitu cha kukupa, nikakupa kile pekee nilichokuwa nacho, kazi yangu. "Alisema uwe mtu wa kuhudumia wagonjwa." Ulifurahi sana. Ulilichukua ukaenda nalo. Ulisoma sayansi kwa ajili yake. Kemia ilipokukataa ulirudia mtihani kwa ajili yake. Na kila uliporudia neno lile lilizidi kuwa na sauti ya mama yako, mpaka na mimi nilikuwa nalisikia kwa sauti yake. Mpaka Jumapili iliyopita.

Umewahi kuniuliza kwa nini nilianza kubadilika kazini baada ya mama kufariki, kwa nini nilikuwa nachelewa kurudi. Nilikuwa najaribu kujifunza upya, nikiwa na mvi. Kwanza nilipanda kule juu kumtafuta Nashipai. Sikujua nitamwambia nini. Nilimkuta Yeyo, amezeeka, haoni vizuri, akanitambua kwa sauti. Aliniambia watu wa boma lile walihama na mifugo zamani na hajui waliko. Nikamsimulia habari za mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na mtoto umemwambia?" Nikasema bado ni mdogo. Akasema, "Hm." Nilishuka Karatu na hiyo "hm" na ninayo mpaka leo.

Kazini nilianza kukaa na watu na kuwaambia. Niliuliza kwanza amekuja na nani, na anajua nini kuhusu ugonjwa wake, na anataka kujua kiasi gani. Halafu nilisema kwa maneno mafupi, nikabaki pale. Usidhani watu wanakushukuru. Mzee mmoja wa Mbulumbulu nilimwambia kwamba mguu wake hauwezi kupona, kwamba hospitali wataukata la sivyo sukari itammaliza. Alinitukana kwa Kiiraqw matusi ambayo sijayasikia tangu utoto. Mwaka mzima tukikutana mnadani alikuwa anageuza uso. Mwanawe aliniambia baadaye kwamba baba yake aligawa shamba vizuri kabla hajaingia kwenye upasuaji, akaongea na ndugu yake ambaye walikuwa hawasemeshani. Yeye mwenyewe hakuwahi kunisalimia tena. Sikulala vizuri kwa ajili yake, lakini sikujuta.

Watu wazima mia moja nimewaambia ukweli wao. Wewe sikukuambia wako. Kila mwaka nilisema subiri amalize shule ya msingi, subiri amalize kidato cha nne, asivurugike. Nilikuwa najiambia nakulinda. Ukweli ni kwamba wewe ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye ananitazama kama mtu mwema, na sikutaka kuyapoteza macho hayo yako. Nimechukua muda mrefu kuliona hilo, na sijivunii.

Kwa hiyo hukuachiwa agizo. Hakuna mtu aliyekuambia uwe muuguzi, isipokuwa baba mmoja mwoga aliyekosa la kusema. Kama kesho pale stendi utaona miguu haitaki kupanda basi, usipande. Tutarudi nyumbani pamoja, na nitamweleza shangazi na jumuiya mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimesimama mbele yao. Sitakuacha uwe wewe wa kueleza.

Lakini niruhusu niseme kitu kimoja nilichokiona kwa macho, ili usidhani kwamba uongo wangu ndio uliokufanya. Masikio ya bibi yako yalipoanza kufa, sisi wote tulianza kumpigia kelele. Mimi, muuguzi, nilimpigia kelele. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa unakwenda mbele yake, unapiga magoti, unamgusa mkono kwanza, unasubiri akutazame, ndipo unasema. Polepole, bila kelele. Na akikosa kuelewa ulikuwa hurudii yaleyale, unatafuta maneno mengine. Siku hiyo nilikaa pembeni nikakutazama, nikakumbuka mtu aliyekaa kwenye sakafu yenye maji. Hakuna aliyekufundisha. Hukufanya kwa ajili ya neno la marehemu. Ni wewe tu.

Mama yako alitaka kukuambia nini, sijui. Nimekaa hapa tangu mchana nikitamani kukuandikia kwamba pengine alitaka kusema hivi au vile. Ninamjua, ningeweza kubuni kitu kizuri, na ungekiamini. Nimejizuia. Mahali pale patabaki patupu, mwanangu, na aliyepaacha patupu ni mimi. Naomba unisamehe, na kama huwezi, au huwezi sasa, usiseme umenisamehe ili nijisikie vizuri. Nimeona wagonjwa wengi wakifanya hivyo kwa ajili ya wauguzi wao.

Nilifikiria kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uisome ukishafika Dodoma. Shangazi amenishauri hivyo bila kujua kilichomo. Nimekataa. Ningekuwa nimekuambia jambo zito halafu nikageuka nikaondoka, na wewe ungebaki peke yako kwenye kitanda kigeni, kati ya wasichana usiowajua hata majina.

Nasikia sauti yako kule barabarani, unasalimiana na kina Mama Paskali, unawaambia bibi hajambo. Nitakupa mkononi. Kwanza ule, umetoka mbali. Kisha usome hapa mezani, nami nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunifokea, nifokee, nyumba ni yetu. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza wote wawili.

Naogopa, Resti. Hilo nalo sijawahi kukuambia.

Baba yako,
Sulle